Kilima Kisicho na Mtu

Lyulilo, 3 Februari 1913

Daftari hili ni la Bwana. Upande wa mbele ndiko ninakoandika kazi yake: namba ya kioo, jina la ua, mahali, siku. Huku nyuma ni kwangu. Nimeligeuza juu chini nikaanza. Bwana Holtkamp anajua Kiswahili cha kuamrisha tu, kukisoma hawezi, na hata angeweza asingejisumbua na maneno ya mtu anayemwita "boi". Nina miaka thelathini na miwili. Nina mke. Nimekaa darasani misheni ya Matema miaka sita, na watu wazima wenye mvi nimewafundisha kusoma. Boi!

Kazi yangu ni kubeba sanduku la vioo vya kupigia picha, kutafsiri na kuandika. Mwenzangu Aliko, mtu wa Ngana, anabeba miguu mitatu ya kamera na manung'uniko yake. Leo alasiri tumepanda kilimani kupiga picha maua ya porini, mvua ikatukuta katikati ya njia, tukashuka. Hiyo ndiyo kazi ya siku nzima.

5 Februari

Mvua.

6 Februari

Mvua. Aliko anasema Bwana ana wazimu. Nimemwambia mwenye wazimu ni anayembebea.

8 Februari

Leo tumepata picha ya kwanza, nami nimeelewa kwa nini mtu huyu anatupandisha kila siku saa watu wanaporudi nyumbani. Jua la mchana halitaki. Analitaka lile linalozama upande wa Songwe, linalopita chini chini juu ya tambarare yote na kuja kupiga kilima chetu usoni. Halafu saa ile upepo wa ziwani unanyamaza kidogo, na maua yanasimama kimya. Lakini mwanga ni haba, kwa hiyo kioo lazima kifunguliwe muda mrefu. Bwana anajifunika kitambaa cheusi, anatoka, anafungua, anahesabu hadi nane kwa Kijerumani, polepole, mkono juu. Hapo hata kukohoa huruhusiwi.

Na maua yapo, siwezi kukataa. Chini ni ulezi wetu na wa majirani. Juu yake ni ardhi tuliyoipumzisha, mwaka wa tatu sasa, na ardhi ikipumzika huku kwetu inachanua: ya manjano, ya zambarau, meupe madogo madogo, na yale marefu mekundu yanayosimama kama mienge. Shamba la baba yangu linaanza kwenye kibanda cha kulindia ndege, linapanda hadi kwenye mwamba mweupe. Ng'ambo yake ni la Hezroni na mkewe Marta, kisha mengine, hadi kijitoni.

Wanawake walikuwa wanapalilia, mke wangu Neli kati yao. Nikamuuliza Bwana kama niwaambie wapishe. Akacheka. "Acha. Wao tembea. Kioo haoni mtu anatembea."

Nikadhani ni Kiswahili chake kibovu tu.

11 Februari

Kumbe alisema kweli. Leo jua limewaka asubuhi, Bwana ameanika karatasi yake chini ya kioo mpaka picha ikatoka, ya rangi ya chai. Nimeikodolea macho. Kilima kipo. Maua yapo, unaweza kuyahesabu. Ulezi upo. Wanawake sita waliokuwa wakienda na kurudi na majembe yao, hakuna hata mmoja! Kilima kitupu kabisa, kama siku Mungu alipokiumba.

Nilicheka mpaka Aliko akaja kuona kuna nini. Jioni nikamsimulia Neli, nikidhani naye atacheka.

"Niliinama pale alasiri yote, mgongo wangu unaniuma mpaka sasa," akasema, "halafu karatasi inasema sikuwepo. Wewe unacheka nini?"

Akanipa ugali. Mboga akaisahau, na najua hakusahau.

15 Februari

Nimegombana na baba. Si habari mpya, lakini niandike.

Nilikuwa napanda na Neli kwenda shambani, tukasikia kikohozi mbele ya kona. Ndivyo baba anavyofanya akijua mkwe wake yuko njiani. Neli akaacha njia palepale, akaingia majanini, akachuchumaa na kujifunika nguo kichwani mpaka kwenye magoti. Miaka tisa ya ndoa, baba hajauona uso wake, naye hajauona wa baba. Hata jina la baba Neli halitamki, anamwita "yule wa nyumba ya juu". Mchungaji amemwambia mara ngapi kwamba Wakristo wanasalimiana na wakwe zao. Neli anasema ndiyo mchungaji, na kesho yake anaingia majanini.

Mimi nikamwamkia baba: "Ugonile, Tata."

Hakuitikia. Alitazama sanduku mgongoni kwangu. "Nilikuzaa uwe na ng'ombe," akasema, "sasa wewe ndiye ng'ombe."

"Ng'ombe anayejua kusoma," nikamjibu.

"Basi msomee Mzungu wako majani." Akapita zake, fimbo inagonga mawe. Mzee Angetile huyo! Hana jema la kusema, na akilipata analimeza.

16 Februari

Mvua.

20 Februari

Bwana anataka jina la kila ua kwa lugha yetu. Leo ameniita "boi" mbele ya wafinyanzi waliokuwa wanapakia vyungu kwenye mitumbwi, nao wakacheka. Basi lile ua jeupe linalonuka kama soksi nimemwambia linaitwa Mnuka-Bwana. Akalirudia mara mbili ili alishike, uso umejaa heshima ya elimu. Nimeliandika upande wa mbele, kioo namba kumi na tisa.

27 Februari

Vioo kumi vimeota ukungu. Bwana amempiga Aliko kofi kwa ajili ya hali ya hewa.

4 Machi

Nimefanya jambo la kijinga, na naliandika ili nisijidanganye baadaye.

Bwana aliupata mwanga aliokuwa akiutafuta mwezi mzima. Mawingu yalipasuka upande wa magharibi tu, kilima kizima kikawa chekundu. Akachungulia chini ya kitambaa, akatoka amekasirika. Kibanda cha baba kilikuwa kinaharibu picha. "Ondoa hii," akasema. Yale matuta mapya ya maharage ya Marta nayo yalimkera. "Funika na majani."

Ningeweza kusema hapana. Aliko alinitazama akingoja niseme hapana. Lakini jua lilikuwa linazama, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kuona picha itakuwaje. Nilibomoa kibanda cha baba yangu kwa mikono yangu, nikakilaza nyuma ya mwamba. Nilimwaga majani juu ya matuta ya watu. Moja, mbili, tatu, hadi nane. Nikasimama kando nikijivuna kana kwamba kilima nimekiumba mimi.

5 Machi

Baba amekikuta kibanda chini. Hakupiga kelele. Amekuja hadi uani kwetu, akakohoa ili Neli aingie ndani, kisha akaniambia: "Ndege wamekula ulezi wa mkeo tangu asubuhi. Nenda kawaambie ndege kuwa unajua kusoma."

Nimekaa mpaka jioni kukijenga upya kwenye mvua. Neli amenishikia fito.

9 Machi

Amekuja Mzungu mwingine, na askari wanne na minyororo ya kupimia ardhi. Watu wamekwisha kumwita Bwana Mpimaji. Ametua hemani kwa Bwana Holtkamp, na jioni nimewasikia wakicheka. Bwana amemtandazia picha zake zote mezani kama mwanamke anayeonyesha vitambaa vya sikukuu.

12 Machi



Tuliitwa wote ufukweni, pale wanapouzia vyungu. Nikawekwa mbele nitafsiri. Bwana Mpimaji akasema kuna mlowezi anayetaka ardhi ya kulisha ng'ombe, na kwamba sheria iko wazi: ardhi yenye watu ni ya watu, ardhi isiyo na mtu ni ya serikali. Akasema ameridhika kwamba kilima chote, kutoka juu ya ulezi hadi kileleni, hakina mtu. Akainua karatasi. Ilikuwa picha ya tarehe nne, ile niliyobomolea kibanda.

Maneno hayo nimeyatafsiri mimi. Kwa mdomo huu! Nilipofika kwenye "hakina mtu" Marta akapiga kelele, "Sema tena! Umesema nini?"

Nikasema tena.

Basi watu wakalipuka. Hezroni anasema babu yake amezikwa pale. Marta anasema matuta yake ya maharage yako pale, aende ayaone kwa macho. Baba akasonga mbele na fimbo yake, taratibu, akasema, "Mwambie shamba limelala, halijafa. Mtu akilala usiku, asubuhi unaigawa nyumba yake?"

Nikatafsiri, na kwa mara ya kwanza maishani niliona fahari kuwa mtoto wake. Bwana Mpimaji akatabasamu. Akasema wenyeji husema hivyo kila mahali, ila kioo hakidanganyi, kioo hakina ndugu.

Hapo nikaacha kutafsiri, nikasema yangu. Nikamweleza kuhusu hesabu ya nane. Nikasema wanawake walikuwepo, wanatembea, na anayetembea haonekani, aulizwe Bwana Holtkamp mwenyewe. Kisha nikawageukia watu wetu nikawaeleza na wao, kwa Kinyakyusa, jinsi kioo kinavyongoja, jinsi kinavyomwona tu yule aliyesimama wima bila kutikisika. Baba alikuwa amenikazia macho. Nilidhani ananichukia.

Bwana Mpimaji akamuuliza Bwana Holtkamp. Naye, ptu! Alijikuna shingo. Akasema mambo ya vioo ndivyo yalivyo, inawezekana, ila yeye alikuwa anatazama maua, watu hakuwaangalia.

Mwezi na siku zake amepanda kilima kile akipishana na mke wangu njiani. Maji ya kuoshea vioo vyake ni Neli aliyemtekea, maji ya baridi ya kijitoni, maana ya ziwani yana joto yanayeyusha picha. Hakuwaangalia!

Bwana Mpimaji akafunga daftari lake. Akasema yeye si mtu mbaya. Anaondoka tarehe ishirini. Kabla ya siku hiyo apelekewe picha inayoonyesha watu kwenye shamba lao, mwenye shamba na anayelilima. Pale panapoonekana mtu atapaacha. Pasipoonekana, basi.

Tulipotawanyika Marta alinitemea mate miguuni. Nilistahili, sikuyafuta.

13 Machi

Kimebaki kioo kimoja kizima. Bwana amekiweka kwa ajili ya ua fulani jekundu la kileleni ambalo halijafunguka. Nimemwomba. Amesema hapana. Nimemwomba kwa adabu zote nilizofundishwa misheni. Amesema, "Boi, kazi."

Nikaenda hadi ukingoni, maji yakanifika magotini, nikalinyoosha daftari hili juu ya ziwa.

"Bwana," nikasema, "una vioo arobaini na kimoja. Kila kimoja kina namba tu. Ua gani, mlima gani, siku gani, yote yako humu. Likitumbukia, utarudi kwenu na maua yasiyo na majina."

Uso wake ulikuwa kama nyanya. Askari mmoja alianza kuja, nikalegeza vidole viwili. Bwana akamzuia. Tukatazamana hivyo mpaka mkono ukaanza kuuma.

"Kioo kimoja," akasema. "Wewe mtu mbaya."

"Ndaga, Bwana," nikamjibu. Ndaga ni asante. Ndilo neno tamu la mwisho atakalolipata kwangu.

14 Machi

Mvua. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba waje wasimame. Kioo ni kimoja, lakini nilidhani wakijipanga kutoka mwamba hadi kijitoni kitawapata wote. Hakuna anayetaka. Hezroni hakunifungulia. Marta alinijibu kwa ndani: "Sanduku lako limekula kilima, sasa linataka kutula na sisi? Ondoka mlangoni kwangu, Enoki."

15 Machi

Mvua. Basi tunabaki sisi tu. Mama hayupo duniani. Mwenye shamba ni baba, anayelilima ni Neli. Na hapo ndipo nilipogonga ukuta.

Nimeenda kwa baba. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi na mkwe wangu ndani ya karatasi moja."

"Ndiyo, Tata. Muda wa kuhesabu nane tu."

"Nane ni kwako. Karatasi haiishi. Nitakuwa nimesimama nyuma yake namtazama, leo, kesho, nikifa. Na yeyote atakayeishika atatuona tumesimama pamoja kama watu wasio na adabu. Hapana."

"Basi shamba liende?"

"Nimesema hapana. Toka."

Nikamwendea Neli. Naye akasema hapana, hata kabla sijamaliza. Nikamwambia mchungaji anasema. Akaniambia basi mchungaji aje asimame yeye.

Nimezungukwa na mawe. Baba jiwe, mke jiwe, Mzungu jiwe, na mvua haikatiki.

16 Machi

Mvua.

17 Machi

Mvua asubuhi hadi jioni. Kioo kimefungwa kwenye ngozi ndani ya chungu kikavu. Nakiangalia kila saa. Siku tatu tu zimebaki, na leo tulipokuwa tunakula Neli akasema peke yake, akiutazama moto: "Kama mimi niko mbele na uso wangu uko kwa Mzungu, na yeye yuko nyuma mbali, mimi simwoni." Akasukuma kuni. "Lakini yeye ananiona."

Nikapeleka maneno hayo nyumba ya juu kwenye mvua. Baba akauliza tu, "Amekubali?" Nikasema karibu. Akasema atakuja. Akanifungia mlango.

18 Machi

Saa tisa mvua ilikatika. Saa kumi mawingu ya upande wa Songwe yakapasuka. Nilikimbia na sanduku mgongoni kama mtu anayefukuzwa na nyuki, Aliko nyuma yangu na miguu mitatu, safari hii bila kunung'unika.

Kilima kilikuwa kimeoshwa. Kila ua lina tone la maji ndani yake. Bwana aliisimika kamera bila kunitazama. Watu walikuwa wamekusanyika chini kwenye njia, Marta na Hezroni na wengine, wamekunja mikono, wamekuja kutuona tukishindwa.

Neli akaja na jembe lake. Nikamsimamisha katikati ya maua mekundu, juu ya mpaka wa ulezi, uso kwa kamera. Nilimwona anameza mate. Nikamwambia, "Usitikisike hata nzi akitua." Akaniambia, "Nenda zako."

Kisha kikohozi, juu, kwenye mwamba mweupe. Neli bila kutaka aliinama, mkono ukaenda kwenye nguo ya kichwani. Nikampigia kelele asimame. Akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alisimama, na nyuma yake, mbali, baba alikuwa ametokea na blanketi lake jeusi na fimbo yake, anaonekana wazi kabisa. Mwenye shamba na anayelima. Nilitaka kuruka.

Jua likashuka. Upepo ukanyamaza. Bwana akainua mkono, akafungua.

Moja.

Na baba akaanza kutembea.

Nilidhani anasogea tu akae vizuri. Mbili, tatu, bado anatembea. Alikuwa anakatiza shamba lake kutoka upande mmoja hadi mwingine, wala si haraka wala si polepole, akageuka, akarudi. Nne. Tano. Siwezi kupiga kelele, Neli angegeuka. Nilijiuma ngumi. Sita, saba. Blanketi lake linapepea katikati ya maua na yeye anatembea, anatembea, mzee mpumbavu, mzee mwenye kiburi, ameamua kuipoteza ardhi ya baba yake kuliko kunipa mimi haki siku moja! Nane.

Bwana akafunga. "Mzee ameharibu," akasema, na nadhani alifurahi.

Baba alikwisha potea nyuma ya mwamba. Nikaufuata mwamba nikamtukana. Naandika, maana imetokea: nilimwita baba yangu mchawi wa watoto wake mwenyewe. Alikuwa ameketi juu ya jiwe anahema. Alinitazama tu, kisha akatazama ziwa.

19 Machi

Jua limetoka muda wa kutosha kuanika karatasi moja.

Nilikuwa peke yangu na Aliko picha ilipoanza kutokea. Kwanza mwamba. Kisha maua, yakaja kwa pamoja. Kisha Neli. Amesimama na jembe lake, kila mkunjo wa nguo, kila kidole, hadi machozi mashavuni, wazi kuliko kitu chochote kwenye karatasi ile. Nyuma yake kuna maua tu. Juu ya maua kuna kitu kama moshi mwembamba wa moto wa majani, umelala kutoka upande hadi upande.

"Mwendo wake ulikuwa sawa," Aliko akasema.

"Mwendo wa nani?"

"Wa baba yako. Alinijia juzi kwenye mvua, akaniuliza mara tatu: mtu atembee kasi gani ili kioo kisimwone? Nikamwambia kasi ya mtu anayekwenda sokoni bila mzigo." Akanitazama. "Hakukwambia?"

Nilikaa chini kwenye matope.

Baba aliyasikia yote siku ile pale ufukweni, hata neno moja halikumpita. Alijua Neli akiwa peke yake hatakubali, maana Mzungu alitaka mwenye shamba awepo. Alikuja ili Neli asimame, kisha akajifuta ili Neli aonekane bila aibu. Nami nilimpa nini? Matusi.

Bwana Mpimaji aliishika picha kwa muda mrefu. Akauliza, "Huyu ni nani?"

"Mke wangu, Neli."

"Na mwenye shamba yuko wapi?"

Nilitazama ule moshi. Nikasema, "Huyo ndiye mwenye shamba."

Akaandika. Kutoka kibandani hadi mwambani, la mwanamke Neli. Jina la Angetile halimo kwenye karatasi hiyo. Nikamwuliza kuhusu shamba la Hezroni na mengine hadi kijitoni. Akageuza picha upande huu na upande huu. "Huku sioni mtu," akasema.

20 Machi

Ameondoka. Askari wamechomeka vigingi kuanzia kwenye mwamba wetu hadi kijitoni. Vinapita juu ya maharage ya Marta.

23 Machi, Pasaka

Kanisani Hezroni na Marta wamehama benchi. Wengine nao wakahama. Neli na mimi tumeimba peke yetu kwenye benchi la watu wanane. Watu wanasema nilijua tangu mwanzo, kwamba nilibomoa kibanda na kufunika matuta kwa mpango maalumu ili wao wakose na sisi tupate. Si kweli, lakini kibanda nilikibomoa, na majani niliyamwaga.

25 Machi

Bwana amepakia masanduku yake kwenye mtumbwi. Alininyooshea mkono nimpe daftari. Nikatoa kisu, nikalikata katikati kwenye mshono, nikampa nusu ya mbele. Akafungua, akahakikisha majina. Mnuka-Bwana lipo, kioo namba kumi na tisa. Nilifikiria kumwambia. Sikumwambia.

Picha ya Neli nilikuwa nimeificha shatini tangu Bwana Mpimaji aliponirudishia. Hakuniuliza.

Alasiri nimepanda nyumba ya juu. Baba alikuwa anachonga mpini. Nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa yale ya mwambani. Aliendelea kuchonga.

"Umeileta?" akauliza.

Nikaitoa. Akageuza uso pembeni haraka. "Yeye yumo?"

"Yumo, Tata."

"Mfunike."

Nikaweka kiganja changu juu ya Neli, nikambana vizuri asionekane hata ukosi wa nguo. Hapo ndipo baba akageuka, akasogeza kichwa karibu. Alitazama maua yake muda mrefu, ya manjano, ya zambarau, yote yakiwa ya rangi moja ya chai. Alitazama mwamba. Kidole chake kikafuata ule moshi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kikarudi.

"Hapa ndipo mimi?"

"Hapo."

"Basi nilikuwepo," akasema. Akachukua mpini wake akaendelea kuchonga. "Mkono wako usiutoe mpaka ufike nje. Na kesho mkampalilie Marta huko chini kwenye ulezi, nyote wawili, hata akiwatukana."